Picha ya duara ilifikaje Washington?

Swali limetoka kwa msomaji anayeishi Maryland, Marekani. Ameandika hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu wa miaka 11 kwenye National Gallery of Art pale Washington. Tuliingia bure. Akasimama muda mrefu mbele ya picha moja ya duara, Bikira Maria na watoto wawili, mchoraji ni Raphael. Akaniuliza: 'Mama, huyu mchoraji ni Mtaliano, sasa picha yake inafanya nini huku? Waliiba?' Nikamwambia labda serikali ilinunua. Akasoma kibao, akasema kimeandikwa jina la mtu, siyo serikali. Nikaishiwa maneno. Nani alizileta picha hizi, na kwa nini mtu atoe mali ya thamani hiyo watu waitazame bure?"

Marahaba, mama, na mpe mjukuu wangu salamu zangu. Nimefundisha historia ya sanaa kwa miaka mingi, na wanafunzi wa chuo kikuu bado hupita mbele ya vile vibao bila kuvisoma. Yeye kasoma, na kauliza swali lenyewe hasa.

Ile picha haikuibwa. Huitwa Alba Madonna, Raphael aliichora Roma karibu mwaka 1510, na mwaka 1931 ilinunuliwa kutoka kwa serikali ya Kisovieti kwa dola 1,166,400. Ilikuwa miongoni mwa bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa picha hadi wakati huo. Mnunuzi alikuwa Andrew Mellon, Waziri wa Fedha wa Marekani wakati huo, ila alinunua kwa fedha zake mwenyewe na kwa siri. Kuhusu kwa nini aliitoa, wengi watakwambia ni ukarimu. Ukarimu ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi nimefikia kuamini kwamba makumbusho ya Marekani yalijengwa na sheria za ushuru na kodi kuliko yalivyojengwa na mapenzi ya sanaa, na nitakuonyesha kwa nini. Inabidi tuanzie kwenye shamba la ngano.

Kwanza kumbuka jambo moja. Huko Ulaya, makumbusho makubwa mengi yalizaliwa kutoka kwenye hazina za wafalme. Louvre ilikuwa kasri kabla Mapinduzi ya Ufaransa hayajaifungulia umma mwaka 1793. Hermitage ya Urusi ilianza na manunuzi ya Malkia Catherine. Marekani haikuwa na mfalme wa kumrithi wala wa kumnyang'anya. Jumba la makumbusho la mchoraji Charles Willson Peale, lililofunguliwa Philadelphia mwaka 1786, lilichanganya picha za mashujaa wa vita vya uhuru na ndege waliokaushwa, na baadaye mifupa ya mastodoni iliyofukuliwa mwaka 1801. Hata Smithsonian, taasisi ya taifa, ilianzishwa mwaka 1846 kwa wasia wa Mwingereza, James Smithson, ambaye hakuwahi kukanyaga Marekani akiwa hai. Metropolitan Museum ya New York iliposajiliwa mwaka 1870 haikuwa na jengo wala picha hata moja. Ilikuwa na katiba na orodha ya wadhamini.

Jumba hilo lilipofungua milango yake Central Park mwaka 1880, wakili Joseph Choate aliwahutubia matajiri waliohudhuria. Aliwaambia wageuze nyama ya nguruwe iwe kauri, nafaka iwe vyungu vya thamani, na hisa za reli na migodi, ambazo hunyauka msukosuko wa fedha ukija, ziwe kazi za wachoraji wakuu wa dunia. Nadhani hiyo ndiyo hotuba ya kweli kuliko zote zilizowahi kutolewa kwenye ufunguzi wa jumba la sanaa. Alikuwa anawaonyesha namna ya kubadili kitu kinachoharibika kuwa jina lisiloharibika.

Sasa hiyo ngano. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya Kaskazini na Kusini, reli zilifika kwenye nyanda kubwa za katikati ya Marekani na meli za mvuke zikapunguza nauli ya kuvuka Atlantiki. Ngano ya Marekani ikamwagika Uingereza. Kipimo kimoja cha ngano kilichouzwa kwa zaidi ya shilingi 56 za Kiingereza mwaka 1877 kilikuwa kimeshuka chini ya shilingi 23 mwaka 1894. Waliopigwa vibaya walikuwa makabaila, wale wenye ardhi ya urithi walioishi kwa kodi za wakulima wao. Mashamba hayakulipa tena, lakini kuta za makasri yao zilikuwa zimejaa picha ambazo mababu zao walizinunua Italia na Uholanzi. Sheria za zamani ziliwazuia wengi kuuza mali ya ukoo. Mwaka 1882 Bunge la Uingereza likalegeza kamba, likaruhusu vitu hivyo viuzwe kwa idhini ya mahakama. Mwaka 1894 ikaja kodi mpya ya mirathi. Kila mzee aliyefariki aliwaachia warithi deni la serikali.

Wahenga walisema kufa kufaana. Reli za Marekani ndizo zilizobeba ngano iliyowafilisi makabaila, na watu waliotajirika kwa reli hizo, pamoja na chuma na makaa ya mawe yaliyoziendesha, ndio waliovuka bahari na vitabu vya hundi kuja kununua picha. Siku mkirudi, mtafuteni Rembrandt anayeitwa The Mill, kinu cha upepo juu ya kilima, anga limeiva kama kabla ya mvua. Ilikuwa mali ya Lord Lansdowne, mmoja wa makabaila hao. Mwaka 1911 ilinunuliwa kwa pauni 100,000 na Peter Widener wa Philadelphia. Widener alianza maisha akiwa mchinjaji. Aliuzia jeshi la Kaskazini nyama ya kondoo wakati wa vita, kisha akaingia kwenye biashara ya tramu za mjini. Choate alikuwa amesema nguruwe, ikawa kondoo.

Katikati ya muuzaji na mnunuzi alikaa dalali, na dalali mkubwa kuliko wote aliitwa Joseph Duveen. Alielewa mapema kwamba Ulaya ina sanaa na Marekani ina fedha, na kazi yake ni kukaa kwenye daraja. Alimshawishi Henry Huntington, tajiri wa reli za umeme za Los Angeles, anunue The Blue Boy ya Gainsborough kutoka kwa Duke wa Westminster mwaka 1921, kwa zaidi ya dola 700,000. Kabla haijasafirishwa iliwekwa National Gallery ya London, na watu wapatao 90,000 wakaenda kuiaga. Waingereza waliomboleza kama wanaomsindikiza maiti. Iliwachukua miaka 100 kamili kuiona tena kwao, ilipoazimwa mwaka 2022.

Duveen alikuwa na msaidizi ambaye wateja hawakujua kwamba yuko kwenye malipo yake. Bernard Berenson, mtaalamu aliyeheshimika kuliko wote katika kutambua picha za Italia, alikuwa akipata sehemu ya faida kwa siri kwenye mauzo aliyoyathibitisha yeye mwenyewe. Nalitaja kwa sababu linaniuma kama mtu wa fani hii. Majina ya wachoraji yaliyoandikwa chini ya baadhi ya picha enzi hizo yaliandikwa na mtu mwenye maslahi, na wataalamu waliokuja baadaye walilazimika kuanza upya kuchunguza nyingi kati ya hizo.

Lakini kununua ni jambo moja, kuingiza nchini ni jingine. Kuanzia mwaka 1897, kazi za sanaa zilizoagizwa kwa matumizi binafsi zilitozwa ushuru wa asilimia 20 bandarini. J. P. Morgan, mwenye benki, alikuwa rais wa Metropolitan Museum tangu 1904 huku sehemu kubwa ya mali yake ya sanaa ikikaa London, kwa sababu kuileta New York kungemgharimu mamilioni ya ushuru. Mwaka 1909 Bunge la Marekani likafuta ushuru kwa kazi zenye umri wa zaidi ya miaka 20. Upande wa pili, kodi ya mirathi ya Uingereza ilikuwa inamsubiri Morgan akifia na mali yake London. Mwaka 1912 masanduku yakaanza kuvuka bahari. Machi 1913 Morgan akafa, akiwa Roma. Mwanawe aliuza baadhi, lakini maelfu ya vitu vilikwenda Metropolitan. Badilisha sheria hizo mbili, moja ya kila upande wa Atlantiki, na pengine hazina ile yote ingekuwa London hadi leo.

Umeona ile sheria ya 1909 inavyobagua? Kitu cha zamani kiingie bure, kipya kilipe. Matajiri wakavutwa zaidi kwa wachoraji waliokufa. Wakili mmoja wa New York, John Quinn, aliyependa wachoraji wa wakati wake, akapigana hadi mwaka 1913 sheria ikabadilishwa, kazi mpya nazo zikaingia bure. Makumbusho ya sanaa ya kisasa, kama Museum of Modern Art iliyofunguliwa New York Novemba 1929, siku chache tu baada ya soko la hisa kuporomoka, yasingejazika kirahisi bila mabadiliko yale.

Nisikuchoshe na forodha. Nije kwenye kodi, kwa maana hapo ndipo swali lako la "kwa nini atoe bure" linapojibiwa.

Kodi ya mapato ya kudumu ilianza Marekani mwaka 1913, ya mirathi mwaka 1916. Mwaka 1917, vita vikiwa vimepandisha viwango vya kodi, Bunge likaruhusu mtu apunguze kwenye mapato yanayotozwa kodi kile alichokitoa kwa shughuli za hisani na elimu. Makumbusho yaliingia humo. Tuchukue mfano wa kubuni. Tajiri analipa kodi ya senti 40 kwa kila dola ya juu ya mapato yake. Anatoa picha yenye thamani ya dola 1,000,000 kwa jumba la makumbusho. Anaandika dola 1,000,000 kama sadaka, na kodi yake inapungua kwa dola 400,000. Kama picha hiyo aliinunua zamani kwa dola 100,000, faida iliyojengeka katikati nayo, kwa kawaida, haitozwi. Na wakati mwingine aliruhusiwa kuendelea kuitundika sebuleni kwake hadi atakapofariki. Hizo 400,000 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye hazina ya taifa, maana yake kwa walipakodi wengine wote.

Kwa hiyo, mama, ulipomwambia binti yako kwamba labda serikali ilinunua, hukukosea kabisa. Serikali ililipa kipande. Tofauti na Ufaransa, ambako wizara ndiyo inayoamua cha kununua, Marekani ilimwachia tajiri achague picha, umma ukachangia gharama, na jina la tajiri likakaa kwenye kibao. Sisemi ni wizi. Nasema hesabu hiyo inastahili kuandikwa kwenye kibao pia.

Na hapa turudi kwa Mellon, kwa sababu kisa chake kina kila kitu.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1855, mtoto wa mwenye benki. Fedha zake zilikuwa kwenye alumini, mafuta, makaa ya mawe. Rafiki yake wa ujana alikuwa Henry Clay Frick, ambaye pamoja naye alisafiri Ulaya kutazama picha. Huyu Frick ndiye aliyewaita walinzi wa kukodi wa Pinkerton wapambane na wafanyakazi waliogoma kwenye kiwanda cha chuma cha Homestead mwaka 1892, watu wakauawa pande zote mbili. Nyumba yake ya New York, ambayo leo ni jumba la sanaa, ni mojawapo ya sehemu tulivu na za kupendeza kuliko zote nilizowahi kuketi kutazama picha, na kila nikiketi pale nawakumbuka watu wa Homestead. Binti yako akikua, mweleze yote mawili.

Mellon akawa Waziri wa Fedha mwaka 1921, akakaa hadi 1932 chini ya marais watatu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Stalin alikuwa anahitaji fedha za kigeni kununua mashine za viwanda. Serikali yake ikaamua kuuza hazina za Hermitage kimyakimya, huku wahifadhi wa jumba hilo wakisononeka. Kupitia madalali wa New York, London na Berlin, Mellon alinunua picha 21 kati ya 1930 na 1931 kwa jumla ya takriban dola milioni 6.6. Humo kulikuwa na Annunciation ya Jan van Eyck, Titian, Botticelli, Rembrandt kadhaa, na ile picha ya duara. Fikiria hali ilivyokuwa. Benki zinafungwa, watu wanapanga foleni kupata mkate, Marekani haijaitambua hata serikali ya Kisovieti, na Waziri wa Fedha wa nchi ya kibepari kuliko zote anamlipa Stalin mamilioni kwa ajili ya Bikira Maria.

Picha yenyewe ilikuwa imeshazoea safari. Ilikaa kanisani karibu na Naples, ikachukuliwa na gavana wa Kihispania, ikaingia nyumba ya Duke wa Alba huko Madrid, ambako ndiko ilikopata jina. Ikapita mikononi mwa balozi wa Denmark, kisha mwenye benki wa London, na mwaka 1836 ikanunuliwa na Mfalme Nicholas wa Kwanza wa Urusi. Huko Urusi mafundi waliing'oa rangi kutoka kwenye ubao ilipochorwa wakaihamishia kwenye turubai, kazi ya hatari inayonitetemesha hata kuisoma. Ukiitazama leo, unatazama rangi ya Raphael iliyokwishabanduliwa kutoka kwenye mti wake wa asili.

Mellon aliziingiza picha kadhaa, hii ikiwemo, kwenye mfuko wa hisani alioanzisha mwenyewe, na kwenye hesabu zake za kodi za mwaka 1931 akapunguza zaidi ya dola milioni 3 kwa zawadi hiyo. Hapo ndipo moto ulipowaka. Serikali mpya ya Rais Roosevelt ikamshtaki kwamba amekwepa kodi. Hoja ya mawakili wa serikali ilikuwa rahisi kueleweka: mfuko ni wako, picha bado unazo wewe, umma haujaziona, sadaka iko wapi? Mellon akajibu kwamba nia yake tangu zamani ilikuwa kuijengea nchi jumba la sanaa la taifa. Duveen akatoa ushahidi wa kumtetea. Na kesi ikiendelea, tarehe 22 Desemba 1936, Mellon akamwandikia Roosevelt barua: nitatoa picha zangu, nitajenga jengo kwa fedha zangu, taifa litunze.

Roosevelt akakubali. Bunge likapitisha azimio Machi 1937. Mellon alifariki tarehe 26 Agosti mwaka huohuo, na mbunifu wa jengo, John Russell Pope, akafariki siku iliyofuata. Desemba, baraza la rufaa za kodi likatoa uamuzi kwamba hakuwa ametenda ulaghai. Jumba, ile National Gallery of Art mliyotembelea, likafunguliwa tarehe 17 Machi 1941, Roosevelt mwenyewe akihutubia.

Je, alitoa kwa sababu ya kesi? Watu wamebishana miaka mingi. Ushahidi wa kwamba alilifikiria jumba hilo kabla ya kesi ni mzuri, na mimi naukubali. Lakini jambo linalomtofautisha na wenzake ni jingine: alikataa jumba liitwe kwa jina lake. Alijua kwamba likiitwa Mellon, tajiri mwingine hataleta picha zake zikae chini ya jina la mwenzake. Akaacha kuta tupu makusudi. Alikuwa na picha zipatazo 120 tu, kwenye jengo ambalo kwa urefu linashinda viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa.

Wakaja. Samuel Kress, aliyetajirika kwa maduka ya bidhaa za senti 5 na 10, alileta mamia ya kazi za Kiitaliano kabla hata milango haijafunguliwa. Familia ya Widener ikafuata, na The Mill humo. Kress namheshimu kwa jambo la ziada. Mfuko wake baadaye uligawa kazi kwa miji ambayo isingeota kuwa na mchoro wa karne ya 15: El Paso mpakani mwa Mexico, Birmingham kule Alabama, Raleigh kule North Carolina. Mtoto wa El Paso anaweza kwenda kwa miguu kuona kazi ya Kiitaliano. Hilo si dogo.

Makubaliano ya Mellon bado yanafanya kazi, na ndiyo sababu hamkulipa kiingilio. Serikali kuu hugharimia ulinzi, umeme, mishahara na matengenezo. Picha zenyewe hupatikana kwa zawadi na fedha za watu binafsi. Majumba mengi mengine ya Marekani hayana mpango huo, na mlangoni utaombwa dola 25 au 30.

Kuhusu neno "waliiba": lipo tukio moja analopaswa kulijua. Mwaka 1945, baada ya Ujerumani kushindwa, jeshi la Marekani lilichukua michoro 202 ya makumbusho ya Berlin na kuipeleka kwenye jengo lilelile mlilotembelea, kwa maelezo kwamba inakwenda kuhifadhiwa. Maofisa wa jeshi hilohilo waliokuwa wakisimamia sanaa Ujerumani waliandika tamko la kupinga, wakisema hakuna kitakachotia uchungu wa kudumu kama kuchukua urithi wa taifa lililoshindwa. Michoro ilionyeshwa Washington mwaka 1948, karibu watu milioni moja wakaenda kuiona, ikazungushwa miji kadhaa, kisha yote ikarudishwa. Kwa hiyo kishawishi kilikuwepo, na waliokizuia walikuwa maofisa wao wenyewe.

Wizi wa kweli uko kwenye milango mingine, na mmoja unatuhusu sisi watu wa Pwani. Uhusiano ulianza kwa biashara. Manahodha wa Salem, Massachusetts, walianzisha chama chao cha makumbusho mwaka 1799, wakileta vitu kutoka kila bandari waliyotia nanga. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, meli za Salem zilitawala biashara ya Wamarekani Unguja. Zilichukua pembe za ndovu na sandarusi, zikaacha kitambaa cha pamba ambacho bibi zetu walikiita merikani. Hiyo ilikuwa biashara ya wazi, hata kama bei yake tembo waliilipa kwa roho zao.

Vigango ni jambo jingine. Wamijikenda, hasa Wagiriama, huchonga nguzo hizo za mbao na kuzisimamisha kwa ajili ya wazee wa Gohu, chama chao cha wazee wenye heshima, waliotangulia. Kigango hakiuzwi, kwa sababu si mali, ni mzee. Kuanzia miaka ya 1970 viling'olewa usiku kwenye miji ya watu, vikauzwa kwa maduka ya watalii, na mamia vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, vingi kama zawadi. Ile sheria ya kodi ya mwaka 1917 inauliza kitu kina thamani gani. Haiulizi kilitoka uani kwa nani. Jumba la Denver, lililopokea vigango 30 mwaka 1990, lilikubali kuvirudisha, na vilifika Kenya mwaka 2019. Familia za wenyewe zilikuwa zimeishi kwa miaka zikiamini kwamba ukame na maradhi vilitokana na kung'olewa kule.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndiyo maana nasisitiza vibao. Kila kitu kwenye jumba lile kina namba ya usajili. Ya Alba Madonna ni 1937.1.24: mwaka kilipopokelewa, zawadi ya kwanza ya mwaka huo, kitu cha 24 ndani yake. Kwenye tovuti ya jumba, chini ya kila picha, utakuta orodha ya wamiliki kuanzia mchoraji. Mfundisheni macho yake kutafuta mapengo. Picha ya Ulaya isiyo na mmiliki anayejulikana kati ya 1933 na 1945, enzi za utawala wa Wanazi Ujerumani, inaweza kuwa iliporwa kwa Wayahudi. Sanamu ya Afrika inayoanza na dalali wa miaka ya 1970, bila kijiji wala mtu nyuma yake, iulizeni zaidi. Na msiishie kwa wazungu na picha zao. Ng'ambo ya uwanja mkubwa wa wazi ulio mbele ya jumba lile kuna National Museum of African Art, iliyoanzia mwaka 1964 kwenye nyumba aliyowahi kuishi Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyepigania kufutwa kwa utumwa. Mwaka 2022 Smithsonian iliirudishia Nigeria umiliki wa shaba 29 za Benin zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897.

Kisha mtembee kuelekea mnara wa Washington, mwende kwenye jengo la rangi ya shaba lenye umbo la vikapu vitatu vilivyopandana, National Museum of African American History and Culture, lililofunguliwa mwaka 2016. Aliyeongoza kulibuni, David Adjaye, alizaliwa Dar es Salaam. Jumba hilo lilianza kama Metropolitan ya 1870, bila kitu hata kimoja. Lakini wahifadhi wake hawakwenda kwa madalali. Walizunguka miji wakiwaomba watu wafungue masanduku ya bibi zao, na watu wakaleta Biblia za familia, picha za harusi, hati za uhuru, magauni. Mkusanyaji mmoja, Charles Blockson, alileta vitu vya Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa na kuwatorosha wengine, alivyovirithi kutoka kwa mtu wa ukoo wa Tubman: kitabu chake cha nyimbo za kanisa, na shali ya hariri na kitani aliyopewa na Malkia Victoria. Ulizieni kama shali imetolewa ghalani siku hiyo, na mwache binti asome kibao chake mwenyewe.